Mchezo Nao ni Chakula cha Mtoto

Mama anapompeleka mtoto wake kliniki huulizwa maswali yale yale kila mwezi. Je, mtoto amemaliza chanjo? Ananyonya vizuri? Anakula uji mara ngapi kwa siku? Analala ndani ya chandarua? Kisha mtoto hupimwa uzito, alama hutiwa kwenye kadi, na mama hurudi nyumbani. Maswali hayo yote ni ya maana, wala hakuna hata moja linalofaa kuachwa. Lakini lipo swali jingine ambalo kwa miaka mingi lilisahauliwa: Je, mtoto huyu anacheza? Na ni nani anayecheza naye?

Wazazi wengi hushangaa wakiulizwa hivyo. Hujibu: "Kucheza ni kucheza tu. Ana wenzake huko nje. Mimi nina shamba, nina kuni, nina maji ya kuchota." Wengine huona hata aibu mtu mzima kukaa chini na kucheza na mtoto wa mwaka mmoja. Katika ukurasa huu tunataka kuonyesha kwamba mchezo ni sehemu ya afya ya mtoto, kama vile uji na chanjo, na kwamba nyumba yoyote, hata isiyo na fedha, inaweza kuwa shule ya kwanza ya mtoto mdogo.

UBONGO HAUNGOJI SHULE

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa karibu robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka 2 umekwisha kufikia kiasi cha robo tatu na zaidi, na afikapo miaka 6 umekaribia kabisa ule wa mtu mzima. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mtoto hajavaa sare ya shule.

Katika miaka hiyo chembe hai za ubongo huungana zenyewe kwa zenyewe. Tunaweza kuzifananisha na njia za miguu za kijijini. Njia inayopitwa kila siku hubaki wazi na kuwa pana. Isiyopitwa huota majani na kupotea. Kila mara mama anaposema na mtoto, na mtoto akajibu kwa kucheka au kwa kutoa sauti, njia moja imepitwa. Kila mara mtoto anaposhika kikombe, akakiangusha, akakitafuta, njia nyingine imepitwa.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaotaja mambo matano ambayo kila mtoto mdogo anayahitaji yote kwa pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, mlezi anayemwitikia, ulinzi na usalama, na nafasi ya kujifunza tangu utotoni. Nchini Tanzania Serikali nayo ilizindua mjini Dodoma, mwezi wa Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Mambo matano hayo ni kama mafiga. Ukiondoa moja, chungu huyumba.

HABARI KUTOKA JAMAICA

Pengine msomaji atauliza: Je, kuna ushahidi? Upo, na unatoka katika nchi maskini, siyo nchi za kitajiri.

Katika miaka ya 1980, daktari mmoja aitwaye Sally Grantham-McGregor, pamoja na wenzake akina Susan Walker, walifanya kazi katika mitaa ya maskini ya mji wa Kingston, kisiwani Jamaica. Walichagua watoto 129 waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni. Watoto hao walikuwa na umri wa kati ya miezi 9 na miezi 24. Waligawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza walipewa kila juma kilo moja ya unga wa maziwa. Kundi la pili hawakupewa maziwa, bali kila juma mhudumu wa afya aliwatembelea nyumbani kwa muda wa saa moja, akacheza na mtoto mbele ya mama yake, na kumwonyesha mama namna ya kucheza naye siku zilizobaki. Kundi la tatu walipata yote mawili. Kundi la nne hawakupata maziwa wala michezo, ila matibabu ya kawaida.

Wahudumu hao walikuwa wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo. Hawakuwa walimu wenye shahada. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa takataka safi za nyumbani: makopo, chupa za plastiki, maboksi, vipande vya mbao na vitambaa. Mhudumu aliacha kitu kimoja au viwili nyumbani, na juma lililofuata alivibadilisha.

Kazi hiyo ilidumu miaka miwili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991. Watoto waliopewa maziwa waliendelea vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakupata kitu. Waliochezewa waliendelea vizuri vilevile. Waliopata yote mawili walikaribia kuwafikia wenzao ambao hawakudumaa.

Lakini jambo la ajabu lilionekana baadaye. Watafiti waliwafuata watoto hao mpaka wakawa watu wazima. Walipofikia umri wa miaka 11 na 12, faida ya maziwa peke yake haikuonekana tena katika vipimo vya akili. Faida ya michezo ilikuwa bado ipo. Walipofika miaka 17 na 18, waliochezewa utotoni walisoma vizuri zaidi, na hawakuacha shule kwa wingi kama wenzao. Walipofika miaka 22 hivi, watafiti waliuliza kuhusu mishahara yao. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2014: wale waliochezewa nyumbani wakiwa wadogo walipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko waliodumaa bila kuchezewa.

Asije mtu akasema kwamba chakula si kitu! Watoto wale walipewa maziwa wakiwa wamekwisha kudumaa, na kwa mtoto aliyekwisha kudumaa chakula peke yake huwa kimechelewa. Fundisho ni kwamba tumbo la mtoto na akili yake hulishwa kwa pamoja.

JAMBO HILI LINATUHUSU

Uchunguzi wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Katika mikoa ya Iringa na Njombe walikuwa nusu au zaidi. Hiyo ni mikoa yenye mahindi, viazi na maharage mengi. Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa chakula tu. Mara nyingi mama yuko shambani tangu alfajiri hadi jioni, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka 7, uji umepoa, na hakuna mtu mzima anayesema naye.

Mtoto wa namna hiyo huanza kunyamaza. Halii sana, hasumbui, hukaa pale alipowekwa. Majirani humsifu: "Mtoto huyu mpole kweli!" Jihadhari na upole huo. Mtoto mwenye afya ni msumbufu kidogo. Hugusa, humwaga, huuliza. Mtoto anayekaa kimya kutwa nzima huenda ana njaa, ana ugonjwa, au amekata tamaa ya kujibiwa.

Hata hospitalini jambo hili linajulikana. Katika maagizo ya WHO ya kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali kuna hatua kumi. Hatua ya tisa si dawa wala maziwa. Ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo, pamoja na kucheza naye kwa mpango dakika 15 hadi 30 kila siku. Kwa hiyo mama akimwona mwuguzi anacheza na mtoto mgonjwa wodini, asidhani anapoteza wakati. Anatibu.

KWA NINI MCHEZO HUFUNDISHA?

Mtu mzima hujifunza kwa kusikiliza na kusoma. Mtoto mdogo hujifunza kwa mikono, macho, masikio na mdomo. Ukimwambia "kubwa" na "ndogo" hataelewa. Mpe sufuria kubwa na sufuria ndogo, mwache ajaribu kuingiza kubwa ndani ya ndogo. Akishindwa mara tano na kufaulu mara ya sita, amejifunza, wala hatasahau.

Jambo hili lilionekana zamani. Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, daktari mwanamke aitwaye Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto wa wafanyakazi. Watoto hao walikuwa wakizurura kutwa wakati wazazi wao wakiwa kazini. Aliwapa vitu vinavyolingana na mikono yao, vya kupanga, kumimina, kufunga na kufungua. Akaona kwamba watoto wale waliodhaniwa wajinga walitulia na kurudia kazi moja mara nyingi kwa furaha, bila ya kulazimishwa. Hata Tanzania wako masista wanaofundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia yake.

MICHEZO KWA KILA UMRI

Haya ni mapendekezo machache. Hakuna hata moja linalohitaji fedha.

1. Tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Uso wako ndio kitu cha kwanza cha kuchezea. Mtazame mtoto machoni unapomnyonyesha. Akitoa sauti, irudie sauti ile ile, kisha ngoja ajibu. Hayo ni mazungumzo. Pitisha polepole kitambaa chenye rangi kali mbele ya macho yake ili akifuate. Akiwa macho, mlaze kifudifudi juu ya mkeka mara kadhaa kwa siku, wewe ukiwa karibu, ili shingo na mgongo vipate nguvu.

2. Miezi 6 hadi 12. Mpe kikombe cha plastiki, kijiko cha mti, kopo safi lisilo na makali. Aviguse, avigonge, aviangushe. Jifunike uso kwa kanga, kisha jifunue: mtoto hujifunza kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na kwamba mama akiondoka atarudi. Mwite kwa jina lake kutoka upande mwingine na uangalie kama anageuka. Mtajie majina ya vitu na ya watu: "Huyu babu. Ile mbuzi."

3. Mwaka 1 hadi 2. Mtoto wa umri huu hupenda kuweka na kutoa. Mpe boksi na magunzi ya mahindi: aweke yote, amwage yote, aanze tena. Funga kopo kwa kamba awe na gari la kuvuta. Mwulize: "Pua iko wapi? Sikio liko wapi?" Mpe kazi ndogo: "Mpelekee bibi kijiko hiki." Akikipeleka, mshukuru kwa sauti.

4. Miaka 2 hadi 3. Sasa anaweza kulinganisha. Changanya kandambili za nyumba nzima, kisha mwambie atafute kila moja na mwenzake. Mwambie akuletee majani makubwa matatu na madogo mawili. Chukua picha kutoka kalenda ya zamani na umwulize mtu huyo anafanya nini, anakwenda wapi. Msimulie hadithi fupi ya sungura na fisi, na kesho umwache yeye akusimulie. Mwache ajipikilishe na wenzake, awe baba au mama, amlaze mtoto wake wa gunzi. Katika mchezo huo hujifunza lugha, huruma na zamu.

5. Miaka 4 hadi 6. Hapa ndipo michezo yetu ya asili inapong'aa. Katika mchezo wa nyama, kiongozi hutaja wanyama haraka haraka, na watoto huitikia na kuruka anapotaja mnyama anayeliwa tu. Akitaja asiyeliwa hukaa kimya. Mtoto hujifunza kusikiliza na kujizuia, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwalimu wa darasa la kwanza atamtaka alijue. Kombolela humfundisha kuhesabu, kungoja, kukimbia na kushika kanuni. Kamba na rede huimarisha mifupa, moyo na mapafu.

WHO ilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 atumie dakika zisizopungua 180 kwa siku katika kutembea, kukimbia, kupanda na kucheza. Watoto wa vijijini hupata hayo bila shida. Wale wa mjini, waliofungiwa chumba kimoja siku nzima, ndio wanaohitaji kutolewa nje.

HESABU NA HERUFI BILA FIMBO

Ni jambo la kusikitisha kuona mtoto wa miaka 4 akichapwa kwa sababu hajui kuandika herufi. Mikono yake bado haijakomaa kushika kalamu. Anachojifunza hapo ni hofu tu, na hofu hiyo ataipeleka shuleni. Yafaa tutumie njia nyingine.

(a) Hesabu kwa mdako. Chimbeni kishimo, wekeni kokoto kumi. Mchezaji hurusha jiwe juu, hutoa kokoto shimoni kwa kiganja, na kulidaka jiwe kabla halijaanguka. Akilirusha tena, huzirudisha kokoto zote isipokuwa moja. Duru inayofuata hubakiza mbili, kisha tatu. Hii ni hesabu ya kutoa, na mtoto huifanya kwa macho na mikono huku anacheka. Bao la kuchimba ardhini lenye mashimo machache nalo hufundisha kugawa moja moja na kufikiri mbele.

(b) Hesabu kwa kazi. Unapopanga sahani mwulize: "Tuko watu wangapi? Zimepungua ngapi?" Unapopima unga, mwache ahesabu vikombe. Fungueni duka la kuchezea kwa vizibo vikubwa na majani yakiwa fedha.

(c) Herufi kwa masikio. Kiswahili husomwa kama kinavyosemwa. Hiyo ni bahati kubwa kwa watoto wetu. Kabla mtoto hajaona herufi, apigie makofi silabi: ka-ra-nga makofi matatu, ma-ji makofi mawili. Kisha mchezo wa kutafuta: "Ninaona kitu kinachoanza na ma." Mtoto atataja maji, majani, mahindi. Akizoea sauti, mwandikie herufi mchangani kwa kijiti, naye aifuate kwa kidole. Udongo wa mfinyanzi ni mzuri zaidi, kwa sababu kuufinyanga huvipa vidole nguvu ya kushika kalamu baadaye.

(d) Vitendawili. Jioni wakati chakula kinaiva, tegeaneni. "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa kujibu "yai", mpe msaada: ni nyeupe, kuku anaijua. Kufikiri namna hiyo ndiko kunakoitwa akili.

Kanuni ni moja: mtoto akichoka, acha. Akikosea, usimcheke wala usimfanyie. Mwonyeshe tena polepole. Akifaulu, msifu kwa lile alilofanya: "Umepanga vizuri vikombe vyote!" Wala usimlinganishe na mtoto wa jirani.

TAHADHARI ZA AFYA

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, hatuna budi kutaja hatari pia.

- Mtoto chini ya miaka 3 asipewe vitu vidogo kama punje za mahindi, maharage, karanga, shanga, kokoto au vifungo. Huviingiza puani na masikioni, au humpalia na kumziba pumzi. Michezo ya kokoto ni ya wakubwa, na wadogo wawe mbali.
- Kopo au chupa iliyokuwa na dawa ya mimea, dawa ya kuogeshea ng'ombe au mafuta ya taa isitumiwe kamwe kuchezea, hata ikioshwa mara ngapi. Wala mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, maana mtoto atakunywa.
- Betri ndogo za duara kama kifungo ni hatari sana. Mtoto akimeza moja, apelekwe hospitali upesi bila kungoja dalili, maana huunguza koo kwa ndani.
- Mifuko ya plastiki humziba mtoto pumzi. Kamba ndefu humnyonga.
- Mtoto mdogo huweza kuzama hata katika ndoo yenye maji kidogo. Asicheze na maji peke yake.
- Vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni, na mikono ioshwe baada ya kucheza na udongo na kabla ya kula.

MTOTO ASIYECHEZA KAMA WENZAKE

Mzazi anayecheza na mtoto wake ndiye wa kwanza kugundua tatizo. Usingoje mpaka aanze shule. Mpeleke zahanati au kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya: mtoto wa miezi 3 hafuati uso wako kwa macho, mtoto wa miezi 6 hageukii sauti, mtoto wa miezi 9 hawezi kukaa mwenyewe, mtoto wa miezi 18 hajatembea, mtoto wa miaka 2 hajaunganisha hata maneno mawili, au mtoto wa umri wowote ambaye ameacha kufanya jambo aliloliweza zamani. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara nayo yatibiwe, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana mjinga au mkaidi kumbe hasikii.

Mtoto mwenye ulemavu asifichwe ndani. Yeye ndiye anayehitaji mchezo kuliko wote. Asiyeona mpe vitu vyenye sauti na vya kupapasa. Asiyeweza kukaa mwegemeze, na umletee vitu karibu na mikono yake. Watoto wengine wakimwona mzazi anacheza naye, nao watamwingiza katika michezo yao.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

"Mimi sikusoma. Nitamfundishaje mtoto?" Huhitaji cheti. Unajua kusema, kuimba, kuhesabu mbuzi na kusimulia hadithi. Mtoto mdogo hahitaji zaidi ya hayo.

"Niseme naye lugha gani?" Sema naye lugha unayoijua vizuri, iwe ya kabila lenu au Kiswahili. Mtoto aliyejazwa maneno mengi ya lugha moja hujifunza nyingine kwa urahisi. Ni afadhali lugha ya nyumbani iliyo tajiri kuliko Kiingereza cha maneno kumi.

"Muda nitautoa wapi?" Hatusemi uache kazi. Zungumza naye unapopukuchua mahindi, unapochambua mchele, unapomwogesha. Akiwa mgongoni mtajie mnachokiona njiani. Robo saa ya kukaa naye chini asubuhi na jioni yatosha kuanzia.

"Je, baba naye?" Naam, baba naye. Malezi si kazi ya akina mama peke yao. Baba anayemrusha mtoto hewani, anayemtengenezea gari la waya na kumjibu maswali yake, anajenga ubongo wa mtoto kama anavyojenga nyumba. Na bibi na babu ni hazina. Wasiachiwe kazi ya kulinda tu, wapewe nafasi ya kusimulia.

"Simu si inafundisha pia?" WHO inashauri kwamba mtoto chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya simu wala televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Sababu ni kwamba simu husema bila kusikiliza. Mtoto akiuliza, haimjibu.

"Basi nisimpeleke shule?" La hasha! Elimu ya msingi ni haki yake na ni lazima kwa sheria. Akifikia umri wa darasa la awali, apelekwe. Lakini kama shule ya awali ni mbali mno kwa miguu ya mtoto wa miaka 3 au 4, usihuzunike kwamba amepitwa. Nyumba inayocheza naye inamwandaa vizuri. Hata akianza shule, michezo ya jioni iendelee.

TUANZE LEO

Akina mama wa jumuiya moja wanaweza kukutana mara moja kwa juma, kila mmoja akileta kopo, boksi au kitambaa safi, wakatengeneza vitu vya kuchezea na kubadilishana, kama walivyofanya wale wahudumu wa Jamaica. Mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe. Watoto wakubwa wafundishwe kucheza na wadogo badala ya kuwabeba tu.

Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miaka ya kwanza hupita mara moja wala hairudi. Dawa ya minyoo ikikosekana mwezi huu, itapatikana mwezi ujao. Lakini mtoto wa mwaka mmoja aliyekaa kimya mwaka mzima, mwaka huo hatarudishiwa na mtu yeyote. Kwa hiyo, msomaji mpendwa, ukimaliza kusoma ukurasa huu uweke kando, umwite mtoto aliye karibu nawe, ukae chini naye. Mwulize anataka kucheza nini.